Mbuzi wa Harusi Kisiwani

Kisiwani kwetu mvua ikiisha upepo unaanza, na boti za Musoma zinakujaga zinapotaka zenyewe. Hilo tulilijua. Kwa nini siku ya harusi ya mdogo wangu hatukumwambia fundi aje siku moja kabla, mpaka leo sijui.

Fundi ni mshona nguo, jirani yangu huko Musoma, mtaa wa Mwisenge. Ni Mwislamu. Kisiwani karibu wote ni Wakristo, lakini kwenye sherehe tunamwita Mwislamu achinje ili kila mgeni ale. Ndiye aliyeshona gauni la bibi harusi. Alikuwa aje asubuhi na mke na watoto, achinje mbuzi wawili.

Saa nne ziwa lilikuwa jeupe kwa mawimbi, boti haionekani. Wapishi wamekaa tu, maji yanachemka bure. Baba mdogo akachukua kisu, akachinja mwenyewe. Simlaumu. Watu walikuwa karibu kutoka kanisani na njaa zao.

Saa saba fundi akafika, amelowa mpaka kofia.

"Shemeji, ziwa lenu limetuogesha bila sabuni!" Akanusa. "Pilau hiyo. Mlimpata nani wa kuchinja?"

"Tulipata mtu," baba mdogo akawahi kujibu.

Uongo kamili haukuwa, mtu alipatikana kweli. Baba mdogo akanivuta pembeni.

"Wewe nyamaza. Mbuzi ni mbuzi. Unataka kumharibia mdogo wako harusi?"

Nikanyamaza. Lakini sahani zilipofika mbele ya watoto wa fundi, nikainama sikioni kwake.

"Fundi, msile. Hakuchinja Mwislamu."

Akamshika mkono mtoto aliyekuwa ameshachota.

"Na wali?"

"Umepikiwa humo humo."

Akaisogeza sahani pembeni. "Sato wapo?"

"Wapo."

"Basi leta sato na ugali. Samaki hahitaji mchinjaji."

Wakala, wakacheza, wakalala kisiwani. Baba mdogo aliziona sahani zao, akaelewa. Siku hizi ananisalimia kwa kifupi. Anasema nilimwaibisha, na labda ni kweli. Ningesema mapema, kabla ya sahani.

Fundi tukikutana ananitania: "Shemeji, harusi nyingine nakuja jana yake!" Nacheka naye. Sijamwambia bado kwamba wakati baba mdogo anachinja, aliyeshika miguu ya mbuzi nilikuwa mimi.