Kidevu cha Msumari

Mafundi wa makochi huweka misumari midogo mdomoni ili mikono yote miwili ibaki na kazi. Fundi huyu aliijaza kuliko wenzake, shavu moja likivimba kama la mtu mwenye jino bovu, kisha akiusukuma mmoja baada ya mwingine kwa ulimi hadi kwenye midomo na kuuchomoa kwa vidole. Aliweza kupiga soga nayo humo humo. Ndiyo maana wakamwita Msumari, na baada ya miaka hata mkewe akaliacha jina lake la nyumbani.

Karakana yake ilikuwa chumba kirefu nyuma ya duka la matairi. Alifanya kazi na shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu wa maneno machache aliyekata vitambaa na kukaa kwenye cherehani. Msumari alifunga springi, akapanga sponji, akavuta kitambaa juu ya fremu na kukipigilia. Alikuwa mlaji kwelikweli. Shemeji yake alisema kumlisha ni kama kujaza sponji kochi la watu watatu.

Asubuhi moja walikuwa wanapakia kochi kwenye lori, Msumari juu, shemeji chini. Msumari akarudi nyuma hatua moja zaidi ya upana wa lori, akaanguka chali, kisogo kikagonga ukingo wa barabara. Akainuka mwenyewe, akajipangusa vumbi, akasema hana neno. Lakini alikishika kichwa kwa mikono miwili na hakutaka kukiachia. Shemeji akaliacha kochi nusu ndani nusu nje, akampeleka hospitali.

Picha zilionyesha kwamba pingili za juu kabisa za shingo zimevunjika, na kiungo kinachobeba fuvu kimelegea. Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini.

"Tutafunga kichwa na shingo pamoja," akasema. "Fito mbili za chuma, skrubu kwenye fuvu, skrubu kwenye pingili. Mfupa utaota hapo katikati, viwe kitu kimoja. Kugeuza kichwa ndiyo basi tena, na kukiinamisha pia."

"Nisipofungwa?"

"Siku ukipiga chafya vibaya, unaweza kupooza. Au usiamke."

"Basi nifunge. Nimepigilia watu wote mtaani, leo zamu yangu."

Alipozinduka, mikono ilisogea na miguu ilisogea, na mkewe akakaa kitini kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Shida ilianza kwenye maji. Kijiko kimoja tu akapaliwa, maji yakatokea puani. Wauguzi wakasema koo limevimba kwa sababu ya mpira wa kupumulia aliowekewa wakati wa upasuaji, litashuka. Wakampitisha mpira mwembamba puani wa kumlishia. Baadaye ukatolewa, akaruhusiwa kwenda nyumbani na maelekezo kwamba kila anachokula kisagwe hadi kilainike.

Kichwa chake kilikuwa kimekaa kwa kuinama, kidevu karibu na kifua, kama mtu aliyeangusha kitu na bado anakitafuta. Nyumbani hakuna aliyelijali sana jambo hilo. Mtu katoka kufungwa kichwa, hamtarajii atoke amenyooka kama askari. Na mwenyewe, mfupa uliposhika na kola ya kushikilia shingo ikavuliwa, alirudi karakanani akakuta macho yake yanaangukia palepale mikono ilipo. Alifurahi waziwazi. Alimwambia shemeji kwamba daktari kampima kama kiti.

Kula ndiko kulimshinda. Alimeza vijiko viwili vya uji, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, akapumzika, akarudia. Aliona haya kukohoa mbele za watu, kwa hiyo akawa anakula peke yake nyuma ya pazia la stoo. Mkanda wa suruali ukaongezewa matundu. Siku moja shemeji akainua macho kwenye cherehani, akaona shavu limetuna.

"Tema."

"Nimezoea, shemeji."

"Uji unakushinda, sembuse chuma. Tema."

Akatema kiganjani. Tangu siku hiyo misumari ikakaa kwenye kopo mezani, na kazi yake ikawa ya polepole zaidi.

Kisha homa ikampata, kikohozi kikawa kizito, akarudishwa hospitali na nimonia. Chakula kilikuwa kinapotea njia na kushukia mapafuni. Yule daktari akaagiza picha mpya, akazipima kwa rula kwenye kioo chenye mwanga, halafu akaja kukaa ukingoni mwa kitanda. Mke wa Msumari alikuwapo.

"Nilikifunga kichwa chini mno," daktari akasema. "Kidevu kimerudi nyuma, koo limebanwa. Nilidhani ni uvimbe tu, nikasubiri kupita kiasi. Hilo ni langu."

Mke akauliza, "Kinaweza kuinuliwa?"

"Kinaweza. Tunafungua, tunalegeza fito, tunakiinua, tunafunga upya. Lakini kurudi mahali palepale ni hatari zaidi kuliko mara ya kwanza. Damu, vijidudu, kidonda kugoma kufunga."

"Kiinuliwe kiasi gani?" Msumari akauliza.

Daktari akaonyesha kwa kiganja. "Utaona mbele yako, kama watu wengine. Meza ya kazi hutaiona mpaka uiname kiunoni."

"Basi hapana. Nitakunywa uji."

Hakuna aliyebishana naye wodini. Alipopata nafuu akarudi nyumbani, na mkewe akangoja mpaka siku moja mchana kaka yake alipopita kumjulia hali.

"Mweleze huyu shemeji yako," akasema. "Mimi amenichosha."

"Nikiinuliwa, kazi siioni," Msumari akasema.

"Na ukizikwa utaiona? Mimi usingizi sina, baba. Nalala nikisikiliza kama bado unapumua."

Shemeji akatazama kikombe chake cha chai.

"Meza ni mbao," akasema. "Nitaiongezea miguu. Na hizo springi za chini nitajifunza. Ulijifunza wewe, itakuwa mimi?"

Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa. Wiki iliyofuata Msumari akasaini.

Upasuaji wa pili ulikwenda vizuri, kidonda ndicho kilichokataa. Kilitoa usaha, wakamrudisha chumba cha upasuaji kukisafisha, akakaa na dripu mpaka mishipa ya mikono ikagoma kupokea sindano. Lakini kabla ya hayo yote, muuguzi alimpa kijiko cha maji, na mkewe na muuguzi wote wawili wakawa wanalikodolea macho koromeo lake. Likapanda, likashuka. Hakukohoa.

"Mkate," akasema.

"Bado," muuguzi akasema.

"Nusu kipande."

"Bado, mzee wangu."

Mkate aliupata baadaye, akautafuna muda mrefu sana.

Sasa meza ya karakana inamfika kifuani. Yeye hufanya migongo na mikono ya makochi, shemeji hufanya vikalio, na springi za shemeji bado hulia kidogo mtu akikaa. Akitaka kuzungumza na aliye pembeni, Msumari hugeuka mwili mzima, kama kabati linalopitishwa kwenye korido nyembamba. Ngazi huzipapasa kwa mguu. Wasiomjua husema ana maringo, anawapita watu kwa macho kana kwamba hawaoni. Hajisumbui kuwaeleza. Barabarani huuliza, "Kulia?" na mkewe hujibu, "Pita."

Safari hii ya mwisho kliniki, daktari ameona kwamba skrubu ya chini kabisa imeanza kulegea. Ameuliza kama inauma.

"Nikilala chali."

"Usilale chali, basi. Tutaitazama tena baada ya miezi michache."

Wakitoka getini mkewe akamuuliza hiyo maana yake nini. Akamwambia hata daktari hajui bado. Mkewe akafunga vizuri bahasha ya picha, wakapitia dukani kununua uzi wa kahawia ambao shemeji aliuagiza, na alasiri hiyohiyo Msumari alikuwa amesimama mezani, akivalisha mgongo wa kiti cha ofisi kitambaa kipya.