Maombi Kabla ya Swali la Uji

Ashukuriwe Mungu, aliyenipa miaka mingi ya kufundisha imani na akili ya kuikumbuka. Yeye husikia neno lililosemwa na lile lililozuiliwa kinywani. Nimeshukuru, sasa niseme habari ya uji.

Nilikuwa nimestaafu ukatekista pale Karungu msichana mmoja kutoka Nairobi aliponijia. Kazi yake ilikuwa utafiti wa soko. Kiwanda fulani cha unga kilitaka kujua kina mama wa huku ziwani hupikia uji unga gani, na kwa nini hawanunui ule wa pakiti. Alihitaji kina mama kumi, ukumbi, na mtu anayeaminika wa kuwaita. Niliwaita mimi. Wa mwisho alikuwa jirani yangu anayeuza uji wa wimbi sokoni. Alisita. Nikamwambia, "Njoo tu, binti yangu, ni mazungumzo."

Siku hiyo msichana alisoma karatasi ya ridhaa. Hakuna anayelazimishwa; mtu anaweza kukataa swali; anaweza kuondoka. Wakaitikia. Kisha akanigeukia. "Mwalimu, tufungulie kwa maombi."

Kwetu hakuna kikao kinachoanza bila maombi, hata cha kuchagua mweka hazina wa chama. Niliomba kama nilivyozoea: Mungu awe katikati yetu, atuondolee uongo midomoni. Wakasema amina. Kinasa sauti kikawashwa.

Swali lilizunguka mpaka likamfikia muuza uji. Unatumia unga gani? Hakumtazama msichana. Alinitazama mimi.

"Mhogo," akasema. "Wimbi ni konzi moja tu, ya rangi."

Nusu ya waliokaa pale walikuwa wateja wake.

"Kumbe miaka yote hii mhogo umevaa nguo ya wimbi," mmoja akasema.

"Na mimi nampelekea mama mkwe apate damu," akadakia mwingine. "Ndiyo maana imeongezeka midomo tu."

Wakacheka. Naye alicheka kidogo, akaangalia mikono yake. Hakuondoka. Kikao kilichofunguliwa kwa maombi hukiachi kabla hakijafungwa. Nilikifunga. Kila mtu akapewa soda na pakiti ya unga. Nilirudi nyumbani, nikawamwagia kuku mahindi. Sikuhisi kitu.

Wiki iliyofuata muuza uji alikuwa anapika sufuria moja badala ya tatu, na hiyo moja haikuisha. Nilienda nikaketi kwenye benchi lake.

"Ungeniambia naweza kunyamaza, Mwalimu."

"Karatasi ilisema."

"Karatasi ilisomwa kabla ya maombi. Uliposema amina, nani angeikumbuka? Umemwomba Mungu aondoe uongo. Mimi ningefanyaje?"

"Lakini ulikuwa unawauzia mhogo."

"Ndiyo. Hilo ningeliungama mwenyewe, siku yangu."

Nilimaliza kikombe, nikashukuru, nikaondoka.

Msichana aliporudi kunichukua kwa kikao kingine kama kile, cha Oyugis, nilimweleza aliyosema muuza uji. Alinisimulia waliyofundishwa chuoni. Wako wanaopima tendo kwa matunda yake: wateja wameujua ukweli, kiwanda kitatengeneza unga wa bei nafuu, wengi watafaidi. Wako wanaosema kuna wajibu usiovunjwa hata kama matunda ni matamu. Mtu asifanywe ngazi ya kupandia. Na wako wanaouliza tu mtendaji ni mtu wa namna gani.

"Karatasi yako ni ya kundi gani?" nikamuuliza.

"La pili, nadhani." Akakunja vidole. "Lakini majibu ya Karungu waliyapenda sana ofisini, Mwalimu. Walisema ni ya kweli mno. Ndiyo maana wameomba uje tena."

Nikaelewa. Walichoomba ni yale maombi. Ngazi ilikuwa muuza uji, na aliyeisimamisha ni mimi. Nililijua hilo kama mtu anavyojua kwamba mvua imekatika.

Oyugis walikuja kina mama wanane. Karatasi ikasomwa. Nikasimama, nikafumba macho.

"Bwana, maswali ya leo si yako, ni ya watu wa unga. Atakayenyamaza usimhesabie kosa. Anayetaka kwenda, mtangulie njiani, na kikao chake kiwe kimefungwa hapa alipo."

Kabla sijafika amina nilisikia kiti kikisogea. Niliendelea kufumba macho mpaka mlango uliporudishwa, nisimjue ni nani.

"Tumebaki saba, Mwalimu," msichana akaninong'oneza.

"Saba wanatosha."

Muuza uji sasa ana ubao. Umeandikwa kwa chaki: wimbi na mhogo. Ameshusha bei, na anapika sufuria mbili. Kila siku ya soko nampitia, naye hunimiminia kabla sijaagiza. Siku moja nilimsimulia habari ya Oyugis na kile kiti kilichosogea. Alikuwa anakoroga.

"Alienda?"

"Alienda."

"Vizuri," akasema, akaendelea kukoroga.

Nawe unayesoma, Mungu akupe kinywa kisicho na uongo, akupe na ruhusa ya kukifunga. Na uji wako, wa wimbi au wa mhogo, ukushibishe.