Mpira Usiodunda

Bukavu ukipiga mpira nje, jiandae kuutafuta. Mji wetu wote ni mteremko: teke moja baya, mpira unashuka kwa jirani, kisha kwa jirani wa jirani, na asipotokea maman wa kuusimamisha kwa mguu, unaenda kuoga Ziwa Kivu. Tulipoteza mitatu hivyo. Ndiyo maana yaya, kaka yangu mkubwa, alimuomba padri ufunguo wa sale ya parokia, ule ukumbi wa mikutano na harusi.

Padri alimpa kwa masharti: Jumamosi tu, baada ya katekisimu, miguu mitupu, na walioshindwa waoshe sakafu kabla ya misa ya Jumapili. Yaya akauvaa ule ufunguo shingoni pamoja na rozari. Eh, alivyotembea nao! Shule alikuwa ameacha, kazi hana, lakini mtaani walimwita "mwenye sale". Mimi niliwekwa golini, kwa sababu vijana walisema musichana anajua kusimama tu. Niliwaonyesha.

Siku moja tonton, mjomba wetu wa Ubelgiji, akatuma mpira mdogo, mzuri, umeandikwa FUTSAL. Neno gani hilo? Papa, mzazi wetu, ambaye kwake kila neno lilikuwa na baba na mama, aliweka gazeti lake chini.

"Fut ni football, sal ni sale. Ni batu ba Amerika ya Kusini. Banasemaka football ya mu sale, halafu bakafupisha. Ilizaliwa kule Uruguay, kwa mwalimu mwenye alipeleka batoto kucheza mu nyumba."

"Kumbe, Papa!" yaya akaruka. "Basi sisi tunachezaka futsal tangu zamani!" Alifurahi kama mtu aliyebatizwa upya.

Lakini mpira wenyewe haukudunda. Ukianguka, unakaa palepale kama bugali kwenye sahani. Tulimhurumia tonton, masikini, wamemuuzia kitu kibovu. Nami mjuaji, Jumamosi asubuhi niliazima pompi ya baiskeli, nikajaza upepo mpaka mpira ukawa mgumu kama jiwe. Sikumwambia mtu.

Teke la kwanza la yaya lilitosha. Mpira ulidunda, ukanipita juu ya kichwa, ukavunja dirisha la kioo cha rangi, lile ambalo wazee wa parokia walilipenda kuliko sisi. Padri alikuja, akaubonyeza mpira kwa kidole.

"Nani ameujaza hivi?"

Nilificha mikono nyuma ya mgongo. Yaya alinitazama kidogo, kisha akasema, "Ni mimi, Padri." Akavua ufunguo shingoni, akamrudishia.

Bila sale, Jumamosi zake zilikuwa tupu, na hakuna aliyemwita tena mwenye chochote. Baada ya miezi michache akaenda Luhwindja na wenzake kuchimba dhahabu. "Ninaenda kidogo tu," alisema. Kidogo gani hiyo? Miaka kumi na moja! Nina hamu naye, nasema wazi, hamu ya kunifanya niweke sahani ya tano mezani tukiwa wanne.

Sasa ninafundisha wasichana mpira, na padri mpya amenikabidhi sale. Mwezi uliopita alitutembelea mwalimu wa michezo. Aliuachia mpira wa futsal uanguke sakafuni. Ukainuka kidogo, ukatulia.

"Umetengenezwa hivyo," akasema. "Mu sale, mupira unapashwa kukaa ku mguu."

Nilitoka nje nikalia. Majuto ni mjukuu, kweli.

Yaya hupiga simu Jumapili, akipanda kilima kutafuta rezo. Safari hii sikumsalimia hata.

"Yaya, ule mupira ni mimi niliujaza."

Alicheka sana. "Mikono yako ilikuwa na malengelenge ya pompi. Ulifikiri sikuona?"

Akaendelea:

"Na ufunguo? Iko na nani sasa?"

"Iko na mimi."

Akauliza, taratibu, "Jumamosi munaanzaka saa ngapi?"

Nilimwambia saa nane. Jumamosi hii nimefungua saa sita, na mpira nimeupunguza upepo mimi mwenyewe.