Fundi Niliyemkagua Mimi

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, sisi wazazi wa Misunkumilo tulichoma tofali wenyewe kwa ajili ya darasa jipya. Kilichobaki kikawa fundi. Alijitokeza mmoja mwenye maneno matamu, akasema lile kanisa dogo la kule Ugalla ni kazi ya mikono yake, twende tukalione. Kamati ikanituma mimi, katibu, kwa kuwa nilikuwa na baiskeli na ubishi. Neno langu ndilo lingempa kazi au kumnyima. Binti yangu alikuwa darasa la pili, na darasa hilo lilikuwa lao.

Kanisa nililikuta jeupe kwa chokaa, limenyooka. Niligonga kuta kwa ngumi, nikapima pembe kwa kamba, nikajiona injinia. Jirani hapo bibi mmoja alikuwa akianika mihogo. Nikamwamkia. Akaniuliza kabila langu, nikamtajia, akapiga makofi.

"Kumbe mtani wangu! Umefuata nini huku, njaa?"

"Shikamoo tena, bibi. Namkagua fundi aliyejenga hapa. Anataka kutujengea shule."

"Basi chimbeni na makaburi kabisa. Yule hajengi, anarundika. Sisi mvua ikinyesha tunasalia nje."

Nilicheka mpaka machozi. Kwetu mtani anaweza kukwambia umekufa tangu juzi na ukamshukuru. Nikamjibu kwamba mvua inawafukuza kanisani kwa dhambi zao. Kisha nikatoa sukari niliyobeba, maana mtani akishakutukana hudai chake. Akausukuma mkono wangu.

"Kawape hao watoto," akasema, akarudia mihogo yake.

Njia nzima jambo hilo lilinikera. Sijawahi kuona mtani akikataa chake. Hata hivyo nilipofika niliandika kwa mwandiko wangu mzuri: kazi yake safi, apewe.

Darasa likaisha kabla ya mvua, fundi akaenda zake, hakuna aliyejua wapi. Mwezi wa kwanza nikaona ufa juu ya dirisha. Kidole changu cha mwisho kiliingia. Juma lililofuata kikaingia kidole gumba. Ningeiambia kamati, lakini swali la kwanza lingekuwa nani alimkagua fundi. Basi jioni, shule ikiwa tupu, nikauziba kwa udongo na kuulainisha kwa kiganja. Nilikuwa mwoga, sina jina lingine.

Kulipokucha baada ya mvua kubwa nilikwenda kuchungulia. Udongo wangu ulikuwa chini, na ufa ulikuwa umeshuka hadi karibu na sakafu. Watoto walikuwa wanaimba herufi. Binti yangu alikaa dirishani, pale pale.

Nilibisha hodi, nikamwambia mwalimu kwamba mtoto aliamka na homa, nampeleka nyumbani. Mtoto akanitazama, akainuka. Tukiwa bado mlangoni nikamsikia mwalimu akimwita binti wa jirani yangu, aliyekuwa amebanwa nyuma, asogee kwenye nafasi iliyobaki. Nilimwona akibeba daftari lake kwa furaha. Nikamshika mwanangu mkono tukaondoka.

Ukuta ulianguka kesho yake, saa ya hesabu. Mimi ndiye ambaye kamati ilimtuma kwenda kumwambia jirani yangu.