Maganda Yaliyokauka Mno

Kwenye meza za kuanikia kahawa pale kiwandani, hakuna aliyewahi kukuta ukungu kwenye punje za mwanikaji mmoja. Mkono wake haukujua mzaha. Wenzake walimtania, "Dada, wewe ungepewa mvua ungeianika ikakauka." Alicheka, lakini sifa hiyo aliipenda kuliko alivyokubali.

Nyumbani hapakuwa na cha kuchekesha. Chumba cha mama mkwe wake kilipakana na shimo ambamo kiwanda kilimwaga maganda ya kahawa. Yalichacha humo, nzi wakajaa, harufu ikaingia mpaka kwenye shuka. Mama mkwe, mgonjwa wa pumu, siku hizi alilala ameketi.

Kwa hiyo mtafiti alipokuja kutoka maabara, mwanikaji alitega sikio. Mtafiti alieleza kwamba huenda ndani ya maganda mna kitu kinachozuia mafuta yasiharibike upesi, na wenye viwanda vya vyakula wangekigombea. Meneja akaahidi mbele ya watu wote: kikionekana, maganda yatauzwa na shimo litafukiwa.

"Nani ataniandalia maganda ya kupima?" mtafiti aliuliza.

"Mimi," mwanikaji alidakia, swali halijatua.

"Yaanike kivulini tu, mama. Juani usiyapeleke."

"Sawa, mtaalamu."

Kesho yake aliyagusa, akayakuta bado yanateleza. Miaka yote kazini, kitu chenye unyevu kilikuwa na mwisho mmoja tu. Yatashika ukungu haya, aliwaza, na shimo litabaki. Akayatoa juani, akayageuza na kuyageuza, mpaka yakawa yanavunjika kwa kidole. Aliyapeleka kifua mbele.

Maabara waliyaloweka, wakachuja maji yake, wakayatia kwenye chupa ya dawa ya zambarau. Maganda yakiwa na nguvu, alielezwa, rangi hufifia. Walisubiri. Zambarau ikapauka kidogo, ikagoma.

"Haya ni dhaifu," alisema mtafiti.

"Ni jua," mwanikaji alisema. "Niliyatoa juani. Niliogopa ukungu."

Mtafiti alivua miwani, akaifuta bila haja. "Jua ndilo limeyamaliza, mama. Na msimu umekwisha, maganda mabichi hakuna. Wanaotoa fedha za utafiti wanataka jibu sasa."

Meneja, aliyekuja kusikia majibu, hakungoja zaidi. "Basi, nimeelewa. Tutaongeza shimo upana."

Jioni mama mkwe alimsikia akivua viatu mlangoni.

"Mwanangu, wanafukia lini?"

"Hawafukii, mama."

"Si waliahidi?"

Ukweli ulimfika kwenye ulimi, akaumeza. "Wamepima. Wanasema maganda yetu hayana nguvu."

"Hayana nguvu!" Mama mkwe alicheka mpaka kikohozi kikamkamata. "Waambie waje walale humu usiku mmoja tu."

Mwanikaji alimshika mabega mpaka pumzi ikarudi. Kisha akaziba dirisha kwa kitambaa, ingawa joto lilikuwa kali na wote wawili walijua kitambaa hakizuii kitu.