Jasho Baridi kwenye Barabara ya Mpaka

Nilipopata kazi ya kufundisha Bwera, kisukari nilikuwa nacho tayari, na kukimbia nilikuwa nimeshaanza. Daktari wa Kasese alinisifu. Mama yangu, aliyelima kahawa kule Kyarumba mlimani, hakutaka kusikia. "Mgonjwa hutulia," alisema kila tulipoonana.

Kutulia kulinishinda. Nikikaa, nilianza kujipeleleza: huu ni usingizi tu, au sukari imepanda? Mguu umekufa ganzi, au nimeukalia vibaya? Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Barabarani tu ndiko maswali yalikoniacha.

Asubuhi moja nilijidunga insulini, nikala kipande cha muhogo, nikatoka. Uji ulikuwa bado mekoni, nami sikuweza kuungoja. Niliteremka kuelekea mpakani. Karibu na kizuizi cha wanajeshi, watu waliokuwa mbele yangu wakawa wawili wawili. Nilijua sukari inashuka. Nikatia mkono mfukoni kutafuta peremende, sikukuta kitu. Nilikuwa nimevaa suruali nyingine.

"Simama!" mwanajeshi akaamuru. "Unatoka wapi?"

Nilitaka kumweleza, ulimi ukawa mzito. "Sukari," nikasema. "Afande, sukari."

"Umelewa asubuhi yote hii? Kaa chini."

Nikakaa vumbini. Wachuuzi waliokuwa wakienda sokoni walinitazama wakapita. Mmoja wao, mama Mkongo aliyeuza chai, akatua birika lake na kunigusa shingoni.

"Afande, huyu hakulewa," akasema. "Iko na jasho ya baridi. Dada yangu wa Butembo alikuwa hivi hivi."

Akakoroga sukari nyingi kikombeni, akaninywesha kama mtoto. Chai nyingine ilinimwagikia kifuani. Polepole watu wakarudi kuwa mmoja mmoja. Mwanajeshi akachutama karibu nami, akauliza kwa sauti ya chini kama nina mtu nyumbani.

Nikamgeukia yule mama wa chai. Neno lake moja, "alikuwa", lilikuwa limenikwama.

"Dada yako yuko wapi sasa?" nikamwuliza.

"Tulimuzika," akasema, akafuta kikombe kwa kitenge chake. "Weye kunywa yote."

Kwa siku kadhaa sikukimbia. Nilifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Darasani nilitembea kati ya madawati mpaka wanafunzi wakachoka kunigeukia. Habari zilimfikia mama yangu, naye akashuka kutoka mlimani na kikapu cha maharage kichwani. Nilijiandaa kwa ugomvi.

"Umeona mwenyewe," akasema.

"Nimeona."

"Na utakimbia tena?"

"Nitakimbia, mama. Nikikaa, naogopa zaidi."

Akavuta kikapu, akaanza kuchambua maharage.

Kulipopambazuka nilimkuta mlangoni, amejifunga leso kiunoni, ameshika chupa ya chai. Kwanza alinisimamia mpaka nikamaliza bakuli la uji. "Twende," akasema. "Mimi sikimbii. Natembea."

Nikakimbia hadi kona ya kwanza, nikageuka. Alikuwa akija kwa ule mwendo wake wa kupanda vilima na mzigo, hana haraka. Nikajaribu kutembea naye; miguu ikakataa. Nikatangulia, nikamrudia, nikatangulia tena.

"Unanichosha macho," akasema nilipompita. "Kimbia tu. Nikuone tu."