Jezi Namba Tisa Haikuanikwa

Mukandutiye hajui kanuni ya kuotea, na ukimweleza anakuuliza kwa nini mtu aadhibiwe kwa kufika mapema. Hajawahi kukaa uwanjani dakika tisini. Lakini Rubavu nzima hakuna anayeijua timu ya Amashyuza kama yeye, maana ni mwaka wa kumi na moja sasa anazifua jezi zake, kwa mkono, nyuma ya nyumba yake pale Rugerero. Mimi kibanda changu cha chaja na vifuniko vya simu kinatazamana na uzio wake wa minyaa, kwa hiyo ninayosimulia nimeyaona mwenyewe, na yale ambayo sikuyaona nimeyauliza.

Yeye mchezaji humjulia kwenye kitambaa. Aliwahi kuniambia kwamba namba saba wetu, yule anayegaagaa kila akiguswa, ni mwongo, kwa sababu tope lake huwa kwenye bega la kulia tu, kila wiki. Nilikwenda kuangalia mechi iliyofuata, na ni kweli, jamaa huanguka upande mmoja kama mlango. Mukandutiye alirudi kutoka Masisi, upande wa Kongo, akiwa na mtoto mgongoni na beseni kichwani. Akamlea yule mtoto, Epiphanie, kwa kufua nguo za watu, mpaka akamwoza Goma. Na tangu aanze kuifulia timu hakuwahi kupoteza jezi wala kuiharibu. Jambo hilo alilisema mara nyingi mno, nasi tulimwacha aseme, maana lilikuwa kweli.

Kila Jumatatu baada ya mechi huzianika kwa mpangilio wa namba, kuanzia moja hadi ishirini na tano, ili ikipungua moja ajue upesi. Hakufikiria kwamba na sisi tungejua. Mwaka juzi ilitokea kambani jezi namba kumi na saba, mpya, ndogo kama ya mtoto wa shule, na Jumamosi iliyofuata akaingia uwanjani winga mfupi ambaye hata redio haikuwa imemtaja. Tangu siku hiyo tukaacha kuiamini redio. Jumatatu saa tisa alasiri tunakusanyika mbele ya kibanda changu, tunanunua karanga, tunasoma kamba. Kiongozi wetu ni mwalimu Bahizi, mstaafu, aliyefundisha hesabu miaka thelathini na bado anamsahihisha kila mtu. Mwanzoni Mukandutiye alitufukuza. Baadaye akatuzoea, na baadaye zaidi nikaona kwamba Jumatatu anavaa kitenge cha kanisani.

Msimu huu homa yetu ilikuwa Jack. Ni kijana wa Mahoko, aliondoka hapa na miaka kumi na minane akaenda kufunga mabao Kigali, akavaa mpaka jezi ya taifa. Mwezi wa tano mkataba wake uliisha na klabu yake haikumpa mwingine, akawa mchezaji huru, mtu unayeweza kumchukua bila kuilipa klabu yoyote. Hatukuzungumza lingine. Mmoja alisema Jack ameonekana akitafuta nyumba inayotazama ziwa. Mwingine alisema Waarabu wamemtaka akakataa kwa sababu mama yake anaogopa ndege. Bahizi alipiga hesabu nyuma ya boksi la chaja, tutafunga mabao mangapi akija, akapata hamsini na mawili. Hakuna aliyeuliza, si mimi si mwalimu, kwa nini mtu anayetakiwa na dunia nzima amekaa nyumbani miezi minne.

Na hakuna aliyelizungumza hilo mbele ya Gad. Gad ndiye mshambuliaji wetu, namba tisa kwa misimu minane. Ana miaka thelathini na mitatu, na magoti yake yana zaidi. Asubuhi hubeba makreti ya samaki bandarini Rubona, jioni huenda mazoezini. Ndiye anayempelekea Mukandutiye gunia la jezi kila Jumapili, ingawa si kazi yake, na akifika hukalishwa, hupewa maharage na ndizi, huulizwa habari za watoto. Humwita mama, naye humwita mwana wangu. Jezi yake hufuliwa ya kwanza, maji yakiwa bado safi. Tulimpenda Gad, nasema bila kuficha, na kila siku tuliomba aje mtu wa kuchukua nafasi yake.

Yaliyotokea Jumatatu ya pili ya mwezi wa tisa tuliyajua baadaye. Mukandutiye alikuwa ameweka javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, kwenye beseni moja ili soksi zitakate. Epiphanie akapiga simu kutoka Goma, na simu ya Goma siku hizi, kwa vita vilivyoko huko, mtu haiachi iite. Akaipokea kwa mkono mmoja huku mwingine ukiendelea na kazi. Kumbe binti alitaka tu kujua bei ya viazi Mahoko. Alipogeuka, jezi namba tisa ilikuwa ndani ya beseni la javeli pamoja na soksi. Akaitoa mbio, akaisuuza mara tano. Ile buluu ilikuwa imekwenda zake, ikaacha mabaka meupe kifuani na mgongoni, na namba tisa yenyewe imeliwa nusu.

Aliificha chini ya godoro. Alipanga kwenda kwa fundi wa Mahoko amtafutie kitambaa cha buluu ile ile kabla Jumamosi haijafika, na mtu yeyote asijue. Usimcheke. Karibu na soko jipya kuna mtu amefungua duka la kufulia lenye mashine mbili, na alikuwa amekwisha kumwandikia mwenyekiti wa klabu kuomba kazi hiyo. Jezi moja iliyoharibika ingetosha kumpa mtu huyo kazi.

Saa tisa tukafika na karanga zetu. Sita, saba, nane, kumi. Bahizi alihesabu kutoka kushoto, kisha kutoka kulia, kisha akavua kofia.

"Wamemuvua Gad," alisema taratibu. "Jezi imepelekwa kuandikwa jina la Jack. Lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja."

Kabla ya jua kuzama, vijana wa pikipiki walikuwa wanapiga honi mjini kote. Kesho yake redio ikatangaza kwamba, kwa mujibu wa chanzo cha kuaminika, Amashyuza wamemnasa Jack. Chanzo hicho kilikuwa mimi. Waandishi walimwuliza kocha, naye akatabasamu akasema tusubiri, kwa kuwa alidhani mwenyekiti amemsajili mtu bila kumwambia. Mwenyekiti naye akatabasamu hivyo hivyo, akidhani ni kazi ya kocha. Mukandutiye alisikia yote akiwa jikoni kwake. Alijua uongo ule ulipozaliwa, na akanyamaza.

Jumatano Gad alikuja kwake bila gunia. Hakuuliza jezi yake iko wapi, ana kiburi chake yule. Alikaa kwenye benchi, akasema Jumamosi hatacheza, atawaandikia barua ya kuacha mpira kabla hawajamfukuza, na kwamba kinachomuuma si kuachwa, ni kwamba miaka minane haikutosha hata mtu mmoja kumwita pembeni akamwambia. Mukandutiye aliniambia kwamba neno lilimfika mpaka kwenye meno. Kisha akakumbuka zile mashine mbili, akamwongezea maharage. Gad aliaga, akaondoka. Yule mama hakulala siku hiyo, na ninavyomjua, alistahili kutolala.

Alhamisi saa nne asubuhi pikipiki ilisimama mbele ya kibanda changu. Abiria akavua kofia ngumu, na mimi nikaangusha chaja niliyokuwa namwonyesha mwalimu Bahizi. Alikuwa Jack, na begi moja. Nilidhani atauliza njia ya uwanjani. Akauliza nyumba ya mama anayefua. Tulimfuata ndani ya uzio bila kukaribishwa, ndivyo tulivyo.

Mukandutiye alikuwa anachambua mchele. Jack alimsalimu kwa mikono miwili, akakaa pale alipokaa Gad. Alikuwa amekonda kuliko kwenye picha, na kiatu kimoja kilikuwa kimeshonwa pembeni. Akasema amesikia kwenye redio kwamba amesaini na Amashyuza, nayo ilikuwa habari mpya kwake. Akasema watu wa Mahoko wamemwambia kwamba ukweli wa timu hii haupo kwa kocha, upo kwenye kamba ya huyu mama.

"Tangu mwezi wa tano simu yangu haijalia, mama," alisema. "Hakuna timu hata moja iliniita. Niambie tu kama ni kweli. Kama ni uongo, nirudi pole pole, watu wasinione."

Hapo ndipo niliposikia aibu. Miezi minne tumemuuza kwa Waarabu, tumempangia nyumba, tumemfungisha mabao hamsini na mawili, na mwenyewe alikuwa amekaa chumbani akitazama simu. Bahizi aliangalia pembeni.

Mukandutiye aliweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka na ile jezi. Akaitandaza kwenye benchi mbele yetu sote, mabaka yote juu.

"Hakuna mutu alikuita, mwana wangu," alisema. "Ni javel. Ni mi niliaribu hii jezi Jumatatu, nikaificha. Hawa waliona kamba haiko na tisa, wakatunga yao."

Jack akasema asante, akashika begi lake. Mukandutiye akamwambia akae kwanza, asirudi popote, kuna mtu mwingine anapaswa kusikia maneno hayo hayo. Akajifunga kitenge, akanituma niite pikipiki mbili, moja yake na moja ya Jack. Bahizi na mimi tulijilipia za kwetu.

Tulimkuta Gad bandarini na kreti begani. Mukandutiye hakungoja hata salamu.

"Gad, angalia," alisema, na jezi ameikunjua kwa mikono yote miwili. "Hakuna mutu alikuvua. Ni mi niliichoma na javel. Jana ulikuwa kwangu, nikaona vile unaumia, na nikanyamaza juu ya kuogopa kupoteza kazi yangu. Unisamehe, mwana wangu."

Gad aliweka kreti chini. Alipapasa yale mabaka kwa kidole, moja baada ya jingine, akaanza kucheka, na machozi yakatoka humo humo kwenye kicheko. Alimwambia mama ameshamsamehe. Kisha akamwona Jack amesimama nyuma yetu na begi lake, anatazama viatu. Sikujua atafanya nini. Mtu huyo ndiye aliyemkosesha usingizi tangu Jumatatu.

Alimwuliza ana muda gani bila mtu kumpigia. Jack akamwambia.

"Mi ni siku tatu tu bila mutu kuniambia kitu," Gad alisema, "na nilikuwa naacha mpira. We umeweza namna gani miezi ine?"

Gad akapangusa mikono kwenye suruali, akatoa simu, akampigia kocha. Tulielewa wote anachofanya na kitakachomgharimu. Mwalimu Bahizi, mwenye hesabu ya mabao hamsini na mawili, alinishika mkono kana kwamba mimi ndiye ningeweza kumzuia, na nakiri kwamba nilitaka kumzuia. Kitu tulichokiomba miezi minne kilikuwa mbele yetu, na hatukukitaka tena kwa bei ile. Gad akamweleza kocha kwamba Jack yuko Rubona, hana timu, hakusajiliwa na yeyote, ni mambo ya javeli atamweleza vizuri, na kwamba jioni atakuja naye mazoezini. Tulisikia sauti ya kocha ikiuliza sasa nani atacheza mbele.

"Bon, utatuangalia wote wawili," Gad alisema. "Utachagua we. Lakini yule utamuacha, umuambie kwa mudomo."

Jioni hiyo Mukandutiye alikwenda mwenyewe kwa mwenyekiti na jezi mkononi. Alijiandaa kuambiwa kazi imekwisha. Mwenyekiti alimsikiliza, akamwambia siku nyingine aseme siku ile ile, akaagiza fundi aishone upya.

Jumamosi kabla ya mechi kocha alimwita Gad kando. Alimwambia leo utaanza wewe, Jack akisajiliwa mtagawana nafasi, na kabla ya Noeli huenda yeye ndiye atakayeanza, wewe utangoja benchi. Jumapili Gad alileta gunia kama kawaida, akamrudishia Mukandutiye maneno hayo yote bila kuruka hata moja, pamoja na lile la benchi. Mama alimwuliza kama yanamuuma. Gad akasema yanauma.

"Lakini sasa nalala, mama," alisema. "Nalala mpaka asubuhi."